Umesasisha kerneli, seva bado ina tundu: dalili, vyanzo na dawa

Machi 2022 Max Kellermann alitangaza tundu la usalama lililopewa jina la Dirty Pipe, namba yake kwenye orodha ya matundu yanayojulikana (CVE) ni CVE-2022-0847. Kwenye mashine ya Linux yenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kuanzia 5.8, mtu mwenye akaunti ya kawaida tu aliweza kuandika juu ya faili alizoruhusiwa kuzisoma tu, na kwa njia hiyo akajipa mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo. Viraka vilikuwa vimeshatoka katika matoleo 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Lakini kiraka kilicholala kwenye diski hakimzuii mtu. Kinachomzuia ni kerneli inayoendesha mashine dakika hii. Karibu matatizo yote ya kusasisha kerneli yanakaa katikati ya mambo hayo mawili.

Kwa hiyo kabla ya kuanza kufuta na kusakinisha upya kwa kubahatisha, tafuta njia imekatikia wapi. Kiraka hutoka kwenye hazina ya pakiti kikafika kwenye diski, kikaandikwa ndani ya `/boot` (saraka ya mafaili ya kuwashia), GRUB, programu inayochagua kerneli mashine inapowaka, ikakichagua, kisha kikawaka pamoja na moduli zake, yaani viendeshi na vipande vingine vinavyopakiwa kando. Amri tatu zinatosha kukuonyesha ulipo:

```
uname -r
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii
apt list --upgradable 2>/dev/null | grep linux
```

Ya kwanza inataja kerneli inayofanya kazi, ya pili zilizosakinishwa, ya tatu zinazosubiri. Ukiwa Debian ongeza `uname -v`. Namba kama `6.1.0-18-amd64` haikuambii toleo halisi la kerneli, ambalo hapo ni 6.1.76-1. Kuna wakati kiraka huingia na jina la `uname -r` likabaki lile lile, kwa hiyo asiyetazama `-v` atadhani hakuna kilichobadilika. Mifano yangu ni ya Debian na Ubuntu. Jamii ya Red Hat nitaigusa palipo na tofauti ya maana.

## Pakiti mpya imesakinishwa, lakini uname inaonyesha kerneli ya zamani

Hii inawapata wengi kuliko zote, na mara nyingi chanzo chake ni chepesi: mashine haijawashwa upya. Kusakinisha kerneli mpya hakuigusi ile inayofanya kazi. Ya zamani imeshapakiwa kwenye kumbukumbu na itaendelea kuhudumia hata ukifuta faili yake. Kwenye Ubuntu tazama kama kuna faili `/var/run/reboot-required`. Kwenye Red Hat, AlmaLinux au Rocky tumia `needs-restarting -r`.

Wanaotegemea `unattended-upgrades` ndio hujisahau zaidi. Programu hiyo huweka viraka kimya kimya, lakini usipoiagiza, haiwashi mashine upya. Unaweza kukuta seva imekaa mwaka mzima bila kuzimwa, kerneli mpya zimepishana kwenye diski yake, na hakuna hata moja iliyowahi kufanya kazi. Kuna wasimamizi wanaojivunia `uptime` ndefu. Mimi nikiona seva ya Linux iliyo kwenye intaneti na siku 400 bila kuwashwa upya, swali langu la kwanza huwa ni matundu mangapi yametangazwa tangu siku ile ilipowashwa.

Ukitaka ijiwashe yenyewe, weka mistari hii ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades`:

```
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot "true";
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot-Time "02:00";
```

Angalia hapo: 02:00 ni saa ya seva. Seva nyingi za kukodi zinafuata UTC, kwa hiyo unayodhani ni saa nane usiku inakuwa saa kumi na moja alfajiri kwa Dar es Salaam au Nairobi, watu wameshaanza kuamka na kuingia kwenye mfumo wako. Ama andika "23:00", ama ibadilishe saa ya seva kwa `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`.

Umeiwasha upya na bado inarudi na kerneli ya zamani? Mshuku GRUB. Fungua `/etc/default/grub` utazame `GRUB_DEFAULT`. Ikiwa 0, GRUB huchukua ya kwanza kwenye orodha, yaani mpya kabisa. Ukikuta kitu kama `"1>2"` au jina refu la kerneli fulani, kuna mtu aliifunga hapo siku fulani kwa sababu zake na hakurudi kuifungua. Muulize kwanza kama yupo, kwa sababu huenda kuna moduli iliyokuwa ikigoma. Kisha rudisha 0 na uendeshe `sudo update-grub`. Kwenye jamii ya Red Hat, `grubby --default-kernel` itakuonyesha iliyochaguliwa, na `grubby --set-default` itaibadilisha.

Halafu kuna chanzo kimoja kinachosumbua vichwa vya watu kwa sababu kila kitu kinaonekana kimekamilika: `/boot` ni kipande chake cha diski, lakini siku ya kusasisha hakikuwa kimepachikwa. Pakiti ikaandika kerneli ndani ya saraka tupu iitwayo `/boot` kwenye diski kuu. Ukiorodhesha faili unaziona. GRUB inasoma kile kipande halisi, ambacho hakijaguswa. Amri `findmnt /boot` ikirudi bila jibu wakati `/etc/fstab` ina mstari wa `/boot`, umempata mchawi. Pachika kipande hicho, sakinisha upya pakiti ya kerneli kwa `apt install --reinstall`, kisha `update-grub`. Ndugu yake wa karibu ni seva yenye diski mbili ambapo mashine inawakia kwenye diski ya pili yenye GRUB ya zamani. Dawa yake ni `grub-install` kwenye diski ambayo BIOS inaanza nayo kweli.

Mwisho, yawezekana kerneli si yako. Endesha `systemd-detect-virt`. Jibu likiwa `openvz` au `lxc`, uko ndani ya kontena na kerneli ni ya mwenye mashine. Ukisakinisha pakiti za kerneli humo unajaza diski bure. Docker ni vivyo hivyo: kusasisha picha ya kontena hakuzibi tundu la kerneli, lazima umsasishe mwenyeji wake. Jibu likiwa `wsl`, kerneli inatoka Microsoft, na amri ni `wsl --update` upande wa Windows. Likiwa `kvm`, kwa kawaida kerneli ni yako, endelea na msako.

Kuna hali moja ambapo `uname -r` ya zamani si tatizo. Huduma ya Livepatch ya Ubuntu na kpatch ya Red Hat hubandika kiraka kwenye kerneli ikiwa inafanya kazi, bila kubadilisha jina lake. Kwenye Ubuntu hakikisha kwa `canonical-livepatch status`. Viraka hivi hufunika matundu makubwa tu, si yote, hivyo siku ya kuwasha upya inasogezwa mbele, haifutwi.

## apt inasema pakiti za kerneli zimeachwa

Ujumbe ni `The following packages have been kept back`, ukifuatwa na `linux-image-generic` na wenzake. Mara nyingi umetumia `apt-get upgrade`, ambayo hairuhusiwi kuleta pakiti yenye jina jipya, na kila kerneli mpya ina jina jipya kwa sababu namba imo ndani ya jina. Tumia `sudo apt full-upgrade`, ukisoma orodha ya vinavyoondolewa kabla ya kukubali.

Ukiona neno `phasing`, Ubuntu inagawa sasisho hilo kwa awamu na zamu yako haijafika. Usilazimishe. Masasisho ya usalama hayagawiwi kwa awamu, kwa hiyo lililoahirishwa ni la marekebisho ya kawaida.

Kama hakuna ujumbe wowote na bado hakuna kipya, tazama mambo mawili. `apt-mark showhold` inaonyesha pakiti zilizozuiwa kwa mkono. Na `dpkg -l linux-image-generic` (kwenye Debian ni `linux-image-amd64`) inakuambia kama pakiti mama ipo. Hiyo pakiti mama haina kerneli ndani yake. Kazi yake ni kuelekeza kwenye kerneli ya karibuni. Mtu akiiondoa wakati wa kusafisha diski, seva itaendelea kupokea viraka vya OpenSSL na vya programu nyingine zote, huku kerneli ikibaki palepale miaka nenda miaka rudi, bila kosa lolote kwenye skrini. Hiki ndicho chanzo ninachokiogopa kuliko vyote kwenye mwongozo huu, maana hakilalamiki.

## Hazina haijibu, au inakataliwa

`Release file is not valid yet` maana yake saa ya mashine iko nyuma. Kwa kompyuta za ofisini zilizozimika na umeme mara kwa mara, betri ndogo ya ubao mama ikifa, kila ikiwaka tarehe inarudi miaka kadhaa nyuma. Rekebisha kwa `sudo timedatectl set-ntp true`, ukinunua betri mpya ya CR2032 ndipo utakuwa umemaliza.

Debian iliyopandishwa kutoka toleo la 10 kwenda la 11 au zaidi inaweza kukosa viraka vyote vya usalama kwa sababu ya mstari mmoja. Toleo la 10 liliandika `buster/updates`; kuanzia la 11 muundo ukawa `bullseye-security`. Aliyebadilisha jina la toleo tu akaacha `/updates` anapata kosa kila anapoendesha `apt update`, na wengi wamezoea kulipita bila kulisoma.

Halafu kuna mifumo iliyokwisha muda. CentOS 7 ilifungwa tarehe 30 Juni 2024, na dalili yake ni `Could not resolve host: mirrorlist.centos.org`. Wengine hukesha wakirekebisha DNS. DNS haina kosa. Anwani yenyewe imeondolewa. Unaweza kuelekeza yum kwenye `vault.centos.org` na makosa yakaisha, ila vilivyomo mle ni vya kumbukumbu, hakuna kiraka kipya kitakachokuja. Ubuntu 18.04 ilimaliza viraka vya kawaida Mei 2023 na 20.04 Mei 2025. Kwa hizi mbili bado kuna njia: Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine 5, inaongeza miaka ya viraka pamoja na vya kerneli.

## /boot imejaa

```
gzip: stdout: No space left on device
update-initramfs: failed for /boot/initrd.img-5.4.0-150-generic
```

Seva za zamani, hasa zenye diski iliyosimbwa, zilitengewa `/boot` ya megabaiti mia chache tu. Kila kerneli inakuja na faili lake la `initrd` (mfumo mdogo wa kuanzia, wenye moduli za kufikia diski kuu), na mafaili hayo yamekuwa yakinenepa kila toleo. Jaribu kwanza njia ya adabu:

```
df -h /boot
sudo apt autoremove --purge
```

Mara nyingi `autoremove` nayo inagoma, kwa kuwa apt inataka kumaliza usakinishaji uliokwama kabla ya kuondoa chochote, na usakinishaji umekwama kwa kukosa nafasi. Hapo inabidi utoe nafasi kwa mkono. Soma `uname -r`, ikariri, kisha chagua kerneli ya zamani zaidi ambayo siyo hiyo, ufute `initrd` yake tu:

```
sudo rm /boot/initrd.img-5.4.0-42-generic
sudo apt -f install
sudo apt autoremove --purge
```

Nasema `initrd` tu. Usifute `vmlinuz` wala usiende kufuta ndani ya `/lib/modules` kwa mkono. Hayo mengine apt itayaondoa yenyewe ikipata pumzi. Hatua ya tatu usiiruke, la sivyo pakiti ya kerneli uliyoifuta nusu inabaki, na siku yoyote sasisho likiunda upya mafaili ya `initrd` nafasi itajaa tena.

Ikiwa `autoremove` inafanya kazi lakini haiondoi kerneli za zamani, huenda zilisakinishwa kwa kutajwa majina, na apt inaziheshimu kama chaguo la mtu. `apt-mark showmanual | grep linux-image` itaziorodhesha. Zirudishe kwa `apt-mark auto`, ukibakiza pakiti mama. Jamii ya Red Hat ina utaratibu ninaoupenda zaidi: `installonly_limit=3` ndani ya `/etc/dnf/dnf.conf` inabakiza kerneli tatu na kuondoa zilizozidi bila kuulizwa.

Kwa `/boot` ndogo sana, badilisha `MODULES=most` kuwa `MODULES=dep` ndani ya `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf`. Faili litapungua sana kwa kuwa litabeba moduli za mashine hiyo pekee. Ubaya wake: ukihamisha diski kwenye mashine nyingine yenye maunzi tofauti, inaweza isiwake.

## Umeme umekatika katikati ya kazi

Ukirudi unakutana na `dpkg was interrupted`. Ujumbe wenyewe unakupa dawa, `sudo dpkg --configure -a`, ifuate na `sudo apt -f install`. Kabla ya kuwasha upya kwa mara nyingine endesha `ls -l /boot`. Umeme ukikatika wakati `initrd` inaandikwa, faili linaweza kubaki na baiti 0 au fupi kuliko wenzake. Liunde upya kwa `sudo update-initramfs -c -k` ukimalizia na jina la kerneli hiyo, kisha `update-grub`. Dakika mbili hizo zinakuokoa na hali inayoelezwa hapa chini.

Kama hakuna kilichokatika ila apt inasema `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`, ujumbe huo huo unataja namba ya mchakato ulioshikilia. Kwa kawaida ni `unattended-upgr` akifanya kazi uliyotaka kuifanya. Subiri. Ushauri wa kufuta faili la kufuli umeenea mno, na ndio unaozaa hifadhidata za dpkg zilizovurugika.

## Mashine imegoma kuwaka

Tulia. Kerneli ya zamani bado iko kwenye diski, ndiyo sababu mfumo hauifuti mara moja. Washa huku umeshikilia Shift (BIOS) au ukigonga Esc (UEFI), ingia `Advanced options`, chagua iliyotangulia. Kwa seva ya kukodi tumia konsoli ya mtoa huduma kwenye kivinjari, siyo SSH. Kama hujawahi kuifungua konsoli hiyo, ifungue leo ungali na usingizi wa kutosha.

Baada ya hapo, soma skrini ilichosema. `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)` ni `initrd` iliyokosekana au iliyoharibika: rudi kwenye sehemu za nafasi na umeme hapo juu. Skrini ikiishia kwenye `(initramfs)` ikisubiri amri, kerneli imewaka lakini haioni diski kuu, ama kwa kukosa moduli ya kidhibiti cha diski, ama kwa UUID iliyobadilika.

`You are in emergency mode` ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo kerneli inasingiziwa. Kwa sehemu kubwa ni `/etc/fstab` inayotaja diski iliyoondolewa miezi mingi iliyopita. Mashine haikuwahi kuwashwa upya tangu siku hiyo, kwa hiyo kosa lilikuwa limelala likingoja. Weka alama ya `#` mbele ya mstari huo, au ongeza `nofail` kwa diski zisizo za lazima. Kundi hili lina wengine: kanuni za ukuta wa moto zilizowekwa kwa `iptables` bila kuhifadhiwa, huduma iliyoanzishwa kwa `systemctl start` pasipo `enable`, kontena za Docker zisizo na agizo la kujiwasha. Vyote hupotea kwa kuwasha upya, kerneli iwe mpya au ya zamani.

Ndiyo maana kwa seva iliyokaa muda mrefu nina desturi moja ambayo siivunji: iwashe upya kwanza kabla ya kusasisha, kwa kerneli ile ile. Ikirudi vizuri, sasisha, iwashe tena. Sasa kama kuna kilichoharibika unajua ni kipi kimekiharibu. Ni kuwasha mara mbili na wenye mfumo watanung'unika, lakini kuchambua makosa mapya na ya kale yakiwa yamechanganyika kunakula usiku mzima.

Kwa mashine iliyo mbali, ambayo hakuna mtu wa kubonyeza kitufe, ijaribu kerneli mpya kwa mara moja tu. Ndani ya `/etc/default/grub` weka `GRUB_DEFAULT=saved` na ongeza `panic=30` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, endesha `update-grub`, kisha:

```
sudo grub-set-default "Advanced options for Ubuntu>Ubuntu, with Linux 5.15.0-91-generic"
sudo grub-reboot "Advanced options for Ubuntu>Ubuntu, with Linux 5.15.0-94-generic"
sudo reboot
```

Ya kwanza ni ya zamani unayoiamini, ya pili ni mpya. Mpya ikianguka kwa panic, mashine inasubiri sekunde 30, inajiwasha, na safari hii inarudi kwa ya zamani. Mbinu hii inahitaji GRUB iweze kuandika kwenye `/boot`. Ikiwa `/boot` iko juu ya LVM au RAID ya programu haiwezi, na utazunguka kwenye kerneli ile ile mbovu. Jaribio likifaulu, kumbuka kurudisha `GRUB_DEFAULT=0`, usije ukawa wewe ndiye yule mtu wa sehemu ya kwanza.

## Imewaka, ila kitu kimoja kimepotea

Skrini imerudi kwenye mwonekano mkubwa wa zamani, Wi-Fi haipo, VirtualBox inakataa, au kwenye Debian hifadhi ya ZFS haionekani na moyo unakusimama. Data ipo. Kilichokosekana ni moduli ya nje, ambayo lazima iundwe upya kwa kila kerneli kupitia DKMS, programu yenye kazi hiyo.

```
dkms status
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall
```

Chanzo cha kawaida ni vichwa vya kerneli kutosakinishwa. Kwa kudumu weka `linux-headers-generic` au, kwa Debian, `linux-headers-amd64`. Vichwa vikiwepo na bado inashindwa, soma `make.log` chini ya `/var/lib/dkms`. Mara nyingi moduli ni ya zamani na kerneli imebadilisha kitu inachokitegemea, hivyo unahitaji toleo jipya la moduli.

Ikiwa moduli imeundwa lakini `modprobe` inajibu `Key was rejected by service`, ni Secure Boot, ulinzi unaokataa kilichokosa sahihi inayotambulika. Thibitisha kwa `mokutil --sb-state`. Moduli imetiwa sahihi kwa ufunguo ambao mashine haiutambui. Kwenye Ubuntu:

```
sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der
```

Utatunga nywila ya muda, utawasha upya, na skrini ya bluu itakuuliza nywila hiyo kabla ya mfumo kuanza. Skrini hiyo inataka mtu aliyekaa mbele ya mashine. Wanaopita njia ya mkato wanazima Secure Boot. Kwa kompyuta ya michezo nyumbani sina ugomvi nao, kwa ya ofisi hapana.

## Sasisho lenyewe ni bovu

Hutokea, ingawa si mara nyingi kama inavyodaiwa. Desemba 2023 Debian iliahirisha toleo la 12.3 kwa sababu kerneli 6.1.64-1 ilikuwa na kosa lililoweza kuharibu data kwenye ext4, ikatoka 12.4 tarehe 10 Desemba ikiwa na 6.1.66-1. Ukiangukia hali kama hiyo, rudi kwa kerneli ya zamani, zuia ile mbovu kwa `apt-mark hold` kwenye pakiti mama, na andika tarehe ya kuondoa zuio mahali utakapoiona.

Ukiwa unasubiri, tundu fulani linaweza kufunikwa kwa muda. Kwa CVE-2024-1086 ya nf_tables (sehemu ya ukuta wa moto ndani ya kerneli), kwa mfano, kuzima majina-nafasi (user namespaces) kwa watumiaji wa kawaida kulipunguza hatari kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo sysctl -w kernel.unprivileged_userns_clone=0
```

Ijaribu kabla ya kuieneza kwenye seva zote, kwa kuwa kontena zisizo na root na baadhi ya vivinjari hutegemea uwezo huo.

## Skana inadai tundu lipo, nawe umeshasasisha

Mkaguzi ameleta ripoti ya kurasa nyingi inayosema kerneli 5.15 au 4.18 ni ya kale. Skana nyingi, yaani programu za kutafuta matundu, zinalinganisha namba tu. Wasambazaji hawapandishi namba kubwa. Wanachukua kiraka kutoka kerneli mpya na kukishonea kwenye ya zamani, kwa hiyo 4.18 ya Red Hat 8 ina marekebisho ambayo 4.18 ya asili haikuwahi kuwa nayo. Tangu Februari 2024 wasimamizi wa kerneli wanatoa wenyewe namba za CVE, tena kwa wingi, ndiyo maana ripoti za siku hizi ni ndefu kuliko za zamani. Thibitisha kwa ushahidi:

```
apt changelog linux-image-$(uname -r) | grep CVE-2024-1086
rpm -q --changelog kernel-core | grep CVE-2024-1086
cat /proc/version_signature
```

Kwenye Ubuntu, katika amri ya kwanza andika `linux-modules` badala ya `linux-image`, kwa kuwa orodha ya pakiti ya picha iliyotiwa sahihi haitaji CVE. Ya mwisho ni ya Ubuntu pekee na inaonyesha toleo la asili ambalo kerneli yako imefikia. Usipokuta kitu kwenye orodha ya mabadiliko, tazama kurasa za usalama za Debian au Ubuntu kwa CVE husika; huenda toleo lako halikuwahi kuwa na tundu hilo. Angalia pia kama skana inalalamikia pakiti ya kerneli ya zamani iliyobaki kwenye diski bila kutumika. `autoremove` inamaliza ubishi huo.

Lakini kuna madai moja ambayo skana huwa sahihi na msimamizi akabisha:

```
grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*
```

Ukiona `Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode`, kerneli yako ni mpya na imejaribu kujikinga, ila kichakato (CPU) hakina maelekezo mapya (microcode) ya kuisaidia. Ni ukoo wa matundu uliofunguliwa na Meltdown na Spectre Januari 2018. Sakinisha `intel-microcode` au `amd64-microcode`, uwashe upya. Kwenye Debian 12 utaikuta pakiti hiyo ukiongeza `non-free-firmware` kwenye mistari ya hazina. Kwenye mashine pepe kuisakinisha hakusaidii kitu, kwani kichakato kiko mikononi mwa mwenye mashine halisi. Nakili mstari huo, uweke kwenye tiketi ya mtoa huduma, na uulize ni lini atawasha upya ya kwake.